Namba za Rangi ya Kucha

Sehemu ya Tisa

Mama Stoo bado ameishika ile ngazi, msomaji, kama ulivyomwacha Jumamosi iliyopita. Juu ya ngazi amesimama Mkaguzi wa shirika la umeme, na mkononi ana taa moja mpya aliyoichomoa darini. Swali lake halijapata jibu.

"Nauliza tena, mama. Nani kaandika namba kwenye hizi taa?"

Ndani ya ukumbi wa kushonea cherehani arobaini zilikuwa zinanguruma.

"Mimi," alisema.

"Kwa rangi gani hii?"

"Rangi ya kucha."

Mkaguzi alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye sauti ya mgeni anayeomba chumvi mezani. Kila akijibiwa alisema asante. Watu wakali Mama Stoo aliwamudu, miaka kumi na minne ya kulinda stoo ya kiwanda ilikuwa imemfundisha. Huyu mpole ndiye aliyemtia baridi.

"Kwa nini uziandike?"

"Vitu vinaibiwa, mkaguzi. Kila kinachoingia stoo kwangu nakitia namba kabla hakijatoka. Mikasi, pasi, hata ndoo. Iba ndoo yangu leo, mwakani nitaijua ikiwa kichwani kwako."

Mkaguzi alicheka kidogo. Akaisogeza taa karibu na macho. "Hii ni sitini na moja." Akainamia ya jirani yake. "Sitini na mbili. Na kule ukumbi wa kukatia nilikotoka?"

"Moja mpaka sitini."

Maneno yalimtoka kabla hajayazuia. Hapo ndipo alipoona alichokifanya.

"Vizuri sana," alisema Mkaguzi. "Nimekagua viwanda vingi, sijakutana na mtunza stoo wa namna hii. Basi nitazinakili za humu na za ukumbi wa tatu, taa kwa taa. Za kule umeshanitajia. Asante, mama. Umenirahisishia kazi."

Kwa wewe uliyelikosa gazeti wiki mbili tatu, kisa cha hofu hii si kirefu. Shirika la umeme limetangaza kwamba mwenye biashara atakayeng'oa tyubulaiti za zamani na kufunga taa za LED atarudishiwa nusu ya gharama, na watu wa kodi nao watampunguzia kodi ya mwaka. Tajiri wa kiwanda hiki cha sare za shule alilipenda tangazo lile tangu mstari wa kwanza. Wafanyakazi wake humwita Mzee Nusu, akiwa hayupo. Ni mtu anayelipa mshahara nusu katikati ya mwezi, na nusu nyingine akikumbuka.

Fomu yake inasema amefunga taa mia moja na themanini katika kumbi tatu. Alizonunua ni mia moja na ishirini.

Hizo sitini zinazopungua ni zile zile za ukumbi wa kwanza. Mkaguzi akishazihesabu na kugeuza mgongo, zinachomolewa, zinapitishwa uani, zinafungwa ukumbi wa tatu zimngojee. Wakataji wa ukumbi wa kwanza walipelekwa kula mapema wasije wakaona. Kwenye mlango wa ukumbi wa tatu, ambao ni wa kupigia pasi, pamebandikwa karatasi: RANGI MBICHI, USIINGIE.

Na anayezihamisha ni fundi umeme wa kiwanda, mdogo wake Mama Stoo, kitinda mimba wa mama yao. Mama Stoo alimlea kwa mikono yake tangu akiwa na miaka sita, akamvusha surua, akamlipia chuo cha ufundi kwa kushona mashati usiku. Sahihi iliyo chini ya fomu, ya fundi mwenye leseni anayeapa kwamba taa zote zimefungwa, ni ya mdogo wake. Aliambiwa atie sahihi au atafute kazi kwingine. Na anayeapa uongo kwenye fomu ile hufungwa jela miaka miwili.

Sasa Mkaguzi akiingia ukumbi wa tatu atakutana na namba moja, halafu namba mbili, halafu zote sitini. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba nguo yenyewe waweza kuwa umeishona mwenyewe.

"Nikachukue daftari la stoo, mkaguzi," Mama Stoo alisema. "Ulinganishe na namba."

"Chukua muda wako, mama. Asante."

Alimkabidhi ngazi mshonaji wa karibu na kutoka. Alipofika kwenye korido alikuwa anakimbia.

*

Alimkuta Injinia nje ya ofisi, anatazama saa.

Injinia ni mwana wa kwanza wa Mzee Nusu. Ana miaka thelathini. Alisomea uhandisi mwaka mmoja na nusu, akarudi nyumbani na tai. Watu wa kiwandani husema hata elimu ilipoingia nyumba ile ilikatwa katikati. Mpango wa kuhamisha taa ulikuwa wake, na aliuonea fahari.

"Anaandika namba," Mama Stoo alimwambia.

"Namba gani?"

"Nilizotia kwenye taa. Moja mpaka sitini ndizo hizo mnazopeleka ukumbi wa tatu. Akizikuta kule tumekwisha."

Injinia alimtazama kama mtu aliyeambiwa gari lake limeibiwa na yeye amekaa ndani.

"Nani alikutuma uandike?"

"Nimeandika vitu vya baba yako miaka kumi na minne. Leo ndiyo unauliza?"

"Zifutwe."

"Kwa kitu gani? Kwa mate?"

"Kwa chochote. Mdogo wako yuko mle ndani, mpelekee kitu cha kufutia. Na mwambie afanye haraka. Taa zote zimeshapanda, imebaki kuunganisha nyaya za safu ya mwisho."

"Anaunganisha nyaya na umeme upo?"

"Sasa ulitaka iweje? Taa za kumbi zote ziko kwenye swichi moja. Tukizima huku, kwa Mkaguzi kunaingia giza, na mkaguzi akiingiwa na giza anauliza. Mdogo wako ana glavu, ana leseni, ana akili zake."

"Mtu hufa kwa umeme na leseni yake mfukoni."

"Na mtu hufungwa kwa sahihi yake, Mama Stoo. Usisahau sahihi ni ya nani."

Akaondoka kuelekea uani, akilegeza tai. Mama Stoo naye akageukia stoo, lakini hakuwa amepiga hatua kumi mlango wa ofisi ukafunguka na Mzee Nusu akamwita kwa kidole.

Mzee Nusu hakuwa mtu wa kelele. Alimkalisha, akamwuliza habari za watoto, akasikiliza jibu nusu.

"Nasikia Mkaguzi anakusifu," alisema. "Mtu akisifiwa huanza kuongea sana. Wewe usiongee sana."

"Sijaongea kitu, bosi."

"Najua. Nakukumbusha tu kwa sababu nakuheshimu. Mimi nikiulizwa, nitasema nilimwamini fundi. Nilimwambia funga taa mia na themanini, akaniletea karatasi yenye sahihi. Mimi nitajuaje kilichoko darini? Mimi ni mfanyabiashara."

"Bosi, umemtuma wewe."

"Mbele ya nani?"

Walikuwepo watu watatu siku ile. Wawili ni baba na mwana, wa tatu ndiye fundi mwenyewe.

"Nenda kafanye kazi," alisema Mzee Nusu, na sauti yake ilikuwa karibu ya huruma. Alimshikilia pale dakika nyingine tano kwa maswali ya vifungo na uzi mweupe, kisha akamwachia.

*

Stoo ilikuwa wazi kama alivyoiacha. Mama Stoo alichukua chupa ya spiriti na kitambaa kwenye rafu ya juu. Akageuka kutoka.

Juu ya meza yake palikuwa na jozi ya glavu nyeusi za mpira.

Aliziangalia. Hakutaka kuzigusa. Kisha akaigeuza ya kushoto, akaona namba yake mwenyewe kwa rangi ya kucha: tisa. Namba tisa ni glavu za fundi umeme. Kiwanda kizima kina jozi moja tu, maana jozi ya pili imebaki ahadi tangu mwaka juzi.

Kama glavu ziko hapa, basi mdogo wake anaunganisha nyaya zenye moto kwa mikono mitupu.

Alimjua mdogo wake. Akiharakishwa husahau. Aliwahi kuondoka kwenda kwenye mtihani bila viatu, akafika barabarani ndipo jirani akamwita. Na leo ameharakishwa na watu wawili wasiojua hata umeme unaingilia wapi.

Alizibana glavu kwapani, akakimbia.

Mlango wa ukumbi wa tatu ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alibisha kwa kidole. Akabisha kwa kiganja. Cherehani za ukumbi wa pili zilikuwa zinameza kila sauti. Aliweka sikio kwenye mbao. Ngazi ilikwaruza sakafu, kisha koleo likalia kwenye chuma.

"Mdogo wangu," alisema kwenye tundu la ufunguo. "Ni mimi. Nimekuletea glavu, umeziacha."

Koleo liliendelea kulia.

"Fungua, tafadhali. Usipofungua shuka kwanza kwenye hiyo ngazi. Na futa namba za kwenye taa, anazisoma moja moja. Unanisikia?"

Kutoka juu ndani ya ukumbi ilikuja sauti fupi ya mtu aliyebana kitu kwa meno.

"Mh."

Basi. Mama Stoo alijua amekasirika. Tangu siku ya sahihi walikuwa hawasemeshani vizuri, kwa sababu yeye ndiye aliyemwambia atie. Alimwambia kazi hazipatikani, mkeo ni mjamzito, tia tu, wakubwa watajua wenyewe. Maneno yale alikuwa akiyasikia kila akilala.

Alipiga magoti, akajaribu kuzipitisha glavu chini ya mlango. Uwazi ulimeza vidole vitatu vya glavu, ukagoma. Alisukuma. Alilalia bega lake sakafuni akasukuma kwa nguvu zote.

"Mama, unasali?"

Mkaguzi alikuwa amesimama nyuma yake, kalamu sikioni.

Mama Stoo alizivuta glavu, akazificha ndani ya kanga ya kazini aliyojifunga kiunoni. "Nimeangusha kitu."

"Pole. Umekipata?"

"Nimekipata."

"Asante. Mimi kule kushonea nimemaliza, hakuna iliyopungua." Aliinua macho, akasoma karatasi ya mlangoni. Akavuta hewa puani, polepole, kama mpishi juu ya sufuria. "Rangi mbichi. Mbona sisikii harufu yake?"

Mama Stoo aliikaza kanga juu ya glavu.

Mkaguzi alishika kitasa, akakizungusha. Hakikufunguka. Alikiachia taratibu, kama mtu asiyetaka kukiumiza. "Ufunguo anao nani?"

"Ninao mimi, bwana mkubwa, ila umepotea kidogo." Mzee Nusu alikuwa amekuja bila mtu kusikia viatu vyake. Tabasamu lilikuwa mahali pake, jasho nalo. "Nimemtuma mtu autafute. Tungekunywa chai kwanza."

"Chai baadaye. Wakati ufunguo unatafutwa tufanye kipimo cha mita. Chumba cha swichi kiko wapi?"

Chumba cha swichi kilikuwa pale pale, kinatazamana na mlango wa ukumbi wa tatu. Mzee Nusu alifungua kinywa kusema kiko mbali, Mkaguzi akaona mchoro wa radi kwenye mlango, akaingia.

*

Kilikuwa chumba cha watu wawili, wao walikuwa watatu. Mama Stoo alibaki kwenye kizingiti. Alikuwa anauona mkono wa swichi kubwa ya taa, mwekundu, umeinuliwa juu. Akigeuza shingo alikiona kioo kidogo kilicho juu ya mlango wa ukumbi wa tatu.

"Nasoma mita taa zikiwa zinawaka," Mkaguzi alisema, akaandika. "Sasa naomba uzime. Mimi siruhusiwi kugusa swichi ya mteja, utaigusa mwenyewe."

Mzee Nusu aliuvuta mkono chini.

Giza liliingia ukumbi wa kushonea, na cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine. Kisha sauti ya mwanamke mmoja ikasema, "Aliyesema atanioa aseme sasa, sioni sura yake, nitakubali." Ukumbi mzima ukacheka.

Mama Stoo pia nusura acheke. Umeme umekatika. Kwa dakika hii hakuna waya unaoweza kumuua mdogo wake.

Halafu akafikiri zaidi, na ilikuwa afadhali asingefikiri.

Fundi aliyeko juu ya ngazi, anayeunganisha nyaya zenye moto na roho mkononi, umeme ukikatika atafanya nini? Atamshukuru Mungu. Ataziacha tahadhari zote. Atazikamata nyaya mbili kwa mikono miwili mitupu, azisokote kwa vidole haraka haraka kabla umeme haujarudi.

"Asante," Mkaguzi alisema, akaandika. "Sasa washa."

Mkono wa Mzee Nusu ulianza kupanda.

Mama Stoo alikuwa na njia mbili, na zote alizijua mwisho wake. Akisema, mdogo wake anafungwa miaka miwili, mtoto wake atazaliwa baba yuko ndani, na leseni haitarudi tena. Akinyamaza, mdogo wake anakufa sasa hivi, hatua nane kutoka hapa. Lakini jela mtu hutoka.

"Usiwashe," alisema.

Sauti ilikuwa ndogo. Mkono wa Mzee Nusu haukusimama. Mama Stoo aliingia chumbani, akaukamata kwa mikono miwili.

"Usiwashe, bosi. Mle ndani kuna mtu ameshika nyaya."

Mkaguzi aliondoa kalamu kwenye karatasi. "Mtu gani?"

"Mdogo wangu. Fundi." Na baada ya hilo hakujizuia tena, yalitoka yote kwa mkupuo. "Hakuna rangi mle, mkaguzi. Taa zilizomo ni zile ulizozihesabu ukumbi wa kwanza, namba moja mpaka sitini, nenda kasome mwenyewe. Zilinunuliwa mia na ishirini tu. Sahihi aliitia kwa kulazimishwa, na mimi nilimsukuma. Mfunge, nifunge na mimi, lakini kwanza ashuke."

Mzee Nusu ndiye aliyeanza, na alianza kwa kucheka.

"Msamehe, bwana mkubwa. Huyu mama ana matatizo nyumbani, siku hizi anaongea peke yake. Mle ndani hakuna mtu."

"Bosi, unajua yumo."

"Hakuna mtu. Niache niwashe, tumalize."

"Bosi, nitazame. Umemtuma wewe. Unajua yumo."

Mzee Nusu alimtazama. Mama Stoo aliyaona macho yale kwa karibu sana, na akaona ndani yake kitu ambacho miaka kumi na minne hakuwahi kukiona. Alikuwa anajua. Alikuwa anajua kabisa kwamba fundi yuko juu ya ngazi, na bado mkono wake ulikuwa unasukuma kwenda juu.

Hofu aliyokuwa nayo mpaka hapo ilikuwa ya mtu anayeogopa umeme. Sasa alimwogopa binadamu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Tajiri," alisema Mkaguzi, kwa upole ule ule, "ondoa mkono hapo."

"Swichi yangu, kiwanda changu."

"Dada?"

Wote watatu waligeuka.

Mwisho wa korido, kwenye mlango wa uani, alikuwa amesimama fundi. Uso ulikuwa umelowa maji ya bomba. Begani alikuwa na mfuko wake wa vifaa, na mfuko umefungwa, kama mtu anayekwenda zake.

Mama Stoo aliachia mkono wa Mzee Nusu. Hakukumbuka kutembea. Alijikuta tu amemshika mdogo wake kichwa kwa mikono miwili, anampapasa masikio, shingo, vidole, kama alivyokuwa akimkagua akitoka kucheza.

"Una nini, dada?"

"Glavu," alisema. "Glavu zako zilikuwa mezani."

"Nimezirudisha. Sikukukuta, nikaziacha." Alitazama juu ya bega la dada yake, akamwona Mkaguzi, akasimama wima. "Nimeacha kazi, dada. Nimeshindwa. Nimekaa pale bombani nikajiuliza mwanangu nitamwambia nini. Nilikuwa nakuja kumwambia mkaguzi mwenyewe kuhusu sahihi yangu."

Mama Stoo alianza kulia, na hakuona haya. Alimshukuru Mungu kwa sauti. Kumbe mtu huweza kufurahi hivi siku ile ile anayopoteza kila kitu.

Nyuma yao Mzee Nusu naye alikuwa amefurahi, kwa namna yake. Rangi ilikuwa imemrudia usoni.

"Umeona, bwana mkubwa?" alisema. "Niliyosema ndiyo hayo. Fundi wangu huyu hapa, mzima wa afya, na kiwanda kina fundi mmoja tu. Basi mle ndani kuna nani? Jini?"

Na kabla fundi hajafungua kinywa, akausukuma mkono wa swichi juu.

Kioo kilicho juu ya mlango wa ukumbi wa tatu kiligeuka cheupe. Kikatetemeka mara tatu nne. Kikatulia. Ndani yake ngazi ilianguka, na pamoja na ngazi kikaanguka kitu kingine kizito zaidi.

Fundi hakuuliza. Aliutupa mfuko, akakimbia, akampiga Mzee Nusu kikumbo na kuvuta mkono wa swichi chini kwa uzito wake wote. Giza likarudi. Wanawake wa ukumbi wa kushonea walicheka tena, hawakujua.

"Nani kawasha?" fundi aliuliza. Alikuwa anahema. "Nani kawasha, na mtu yuko juu?"

"Mtu gani?" alisema Mzee Nusu. "Wewe si uko hapa?"

"Mimi nimegoma. Nimemwambia safu ya mwisho siigusi mpaka umeme uzimwe. Akaninyang'anya koleo, akasema kuunganisha nyaya mbili hakuhitaji leseni. Akaingia, akajifungia." Fundi alisimama kidogo, kama mtu anayetafuta namna nyingine ya kulisema, akaikosa. "Bosi, ni Injinia."

Mama Stoo aliikumbuka ile "Mh". Alikuwa amemwambia ashuke. Alikuwa amempigia magoti, na yule hakutaka kujulikana kwamba yeye, mwana wa tajiri, yuko juu ya ngazi anafanya kazi ya fundi.

Mzee Nusu alivuka korido. Ilimchukua muda mrefu kwa korido fupi vile. Aliweka kiganja juu ya karatasi ya rangi mbichi, akabisha, na akamwita mwanawe kwa jina alilompa siku alipozaliwa, jina ambalo kiwandani hakuna aliyewahi kulisikia. Alisikiliza. Akamwita tena, kwa sauti ya chini zaidi.

Hakuitikiwa.

Mkaguzi alikuwa ameshapiga simu hospitali, anataja barabara na namba ya jengo, na kwa mara ya kwanza siku ile hakumwambia mtu asante. Fundi alitoka chumba cha swichi na mtaimbo. Akauchomeka kwenye upenyo wa mlango, karibu na kitasa.

"Sogea, bosi."

Mzee Nusu hakusogea. Alijibandika mlangoni, mgongo kwenye mbao, mikono ameitandaza.

"Msivunje," alisema. "Msivunje kwanza."

"Bosi, kila dakika ina kazi yake. Sogea."

"Ngojeni kidogo. Atajibu. Ngojeni tu kidogo."

Kiwanda kizima hakuna aliyemwelewa ila Mama Stoo. Muda si mrefu uliopita na yeye alikuwa amelala mbele ya mlango ule, na maadamu haujafunguliwa, aliyekuwa ndani alikuwa bado hai. Alimwonea huruma mtu aliyekuwa tayari kumuulia ndugu, na huruma hiyo ilimtia uchungu. Alimsogelea. Akazitoa glavu namba tisa kwenye kanga kiunoni, akampa mdogo wake.

Kisha akamshika Mzee Nusu mkono, akaubandua mlangoni kidole kimoja kimoja.

"Vunja, mdogo wangu," alisema.